Mkono Uliogusa Samaki

Wewe unayesoma, ungemtia mwanao kidole kooni ili atapike chakula halali alichokula kwa njaa? Mimi nimemwona baba akifanya hivyo, mchana kweupe, siku ya tatu ya Idi. Baba huyo ni kaka yangu Dida, ambaye tulilala naye juu ya ngozi moja tulipokuwa wadogo. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Chakula chenyewe kilikuwa samaki.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya Dida. Nataka kuandika habari za mkewe, Hawo. Watu wa aina yake hawaandikwi popote. Jina lake halimo katika daftari la kodi, wala hakuna afisa aliyewahi kumwuliza chochote zaidi ya njia ya kwenda kisimani.

Hawo alizaliwa Nanighi, mbali huko juu ya mto Tana. Aliletwa kwetu Minjila akiwa na miaka kumi na sita, akatembea siku tisa nyuma ya mitamba mitatu aliyopewa na baba yake. Nyumba anamolala Dida aliijenga yeye, akakunja fito, akafunga kamba, akaezeka nyasi, huku bwana harusi akinywa chai kwa jirani. Ana pengo la jino la mbele, na akicheka hulifunika kwa kiganja. Ni mwanamke wa maneno machache. Lakini mpeleke zizini alfajiri umwone. Huegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akavumisha sauti isiyo na maneno, na maziwa hushuka kabla ndama hajamaliza kusukuma kiwele. Vibuyu vyake huvifukiza kwa makaa ya mti anaouchagua mwenyewe. Sharif, mwenye duka la Garsen aliyetoka Kipini, alikuwa akinusa samli yake mara moja tu na kusema, "Hii ya Hawo," kisha kuipokea bila kuchungulia ndani.

Kwetu sisi Waorma, kundi ni la mwanamume lakini maziwa ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayekama na kugawa, yeye ndiye anayejua nani apate kibuyu kilichojaa na nani apate nusu. Mwanamke aliyekatazwa kukama huwa mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Hilo ndilo jambo ambalo Hawo alikuwa katika hatari ya kulipoteza, na nataka ulishike vizuri unapoendelea kusoma.

Mwaka huo, 1956, Idi ya Ramadhani iliangukia mwezi wa Mei, na mto Tana ulikuwa umefurika kama haujawahi kufurika tangu nizaliwe. Nilikuwa nimerudi likizoni kutoka chuo cha ualimu. Kilima chetu kilibaki kama kisiwa. Barabara ya Garsen ilikuwa chini ya maji, dukani hakufikiki, unga ulikwisha siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Kundi kubwa lilikuwa limehamishiwa ng'ambo, kwenye ardhi kavu, likichungwa na vijana chini ya ami yetu Dhadho, mkubwa wa ukoo. Nyumbani walibaki ng'ombe watatu wa Hawo wenye maziwa, na mbuzi sita.

Ami Dhadho alikuwa ametuma neno: nyama ya Idi ni ya dume jeupe, atalichinja yeye, na mtu yeyote asile chakula cha Idi kabla hajafika.

Idi ikafika. Ami Dhadho hakufika.

Majirani wanne walikuja wamevaa kanzu safi, wakaketi kwenye mkeka wa Dida kungoja nyama. Walingoja siku ya kwanza, wakalala. Walingoja siku ya pili. Kila Hawo alipotoka zizini, kibuyu kilikwenda moja kwa moja mkekani, kwa sababu mgeni hanyimwi. Wanaume walikunywa, wakafuta ndevu, wakazungumza habari za madume waliyowahi kuyala katika Idi zilizopita. Watoto watatu wa Hawo walipewa maji yaliyosuuziwa kibuyu. Mkubwa wao, Gumato, alikuwa na miaka minane. Wadogo zake wawili walikuwa hawajui kufunga, walichojua ni kwamba waliahidiwa nyama.

"Chinja mbuzi, kaka," nilimwambia Dida. "Watoto hawajala tangu juzi."

"Mbuzi?" Aliwageukia wageni wake. "Mnamsikia mwalimu? Anataka nile Idi kwa mbuzi, kama mtu ambaye ng'ombe wake wamekwisha kwa ugonjwa wa ndorobo."

Wote wakacheka.

"Mmoja tu, kaka. Wa watoto."

"Watu wa Minjila watasema nini? Dume limeshatengwa. Tulia. Idi haikimbii."

Mama yetu, Qabale, alikuwa ameketi mlangoni akisuka kamba. Akaongeza bila kuinua macho, "Baba yako alikaa siku tano bila kula katika ukame, na hakulia. Watoto wa siku hizi wamedekezwa na mama yao."

Ndani nilichemka. Mbuzi sita walikuwa wamefungwa pale pale, wakila majani, wamenenepa. Watu wazima watano walikuwa wakilinda sifa yao kwa matumbo ya watoto watatu.

Siku ya tatu, saa nne hivi, mtumbwi ulikuja ukipita juu ya mashamba. Ndani alikuwamo Jumwa, Mpokomo wa kijiji cha Wema, ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akibadilishana na Hawo maziwa kwa mahindi na ndizi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ambo. Nilikuwa ukingoni nikinawa, Hawo alikuwa akichota maji.

"Mama Gumato! Idi njema! Mmenibakizia nyama?"

"Nyama bado iko ng'ambo, inajifunza kuogelea," Hawo akasema. "Jumwa, una mahindi?"

"Mahindi gani, dada? Shamba liko chini ya mtumbwi huu. Ndizi zimeoza. Sisi tunakula huyu tu, asubuhi na jioni, karibu tuote masharubu kama yake." Akainua kambare mkubwa kama mkono wa mtu, bado akipinda mkia.

Kwa desturi Hawo angegeuza uso. Kwetu samaki ni kama nyoka. Wazee wanasema mkono uliogusa samaki ukishika chuchu ya ng'ombe, maziwa hukauka, na ndama hufa. Nilikua nikiamini hivyo kama nilivyoamini kwamba jua linachomoza. Hawo alitazama nyuma, kuelekea nyumbani. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amelala kifudifudi kwenye mchanga, halii tena, anakwaruza ardhi kwa kidole.

"Anapikwaje?" akauliza.

Jumwa akamshusha samaki. "Mtoe matumbo. Maji na chumvi. Basi. Lakini dada, watu wako watakuchinja."

"Wakinichinja watakuwa wamepata nyama ya Idi."

Jumwa alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, kisha akamtupia samaki wawili na kukataa maziwa. "Leo sichukui kitu. Nenda."

Hawo aliwapika nyuma ya kichaka, katika chungu chake kidogo. Mimi nilimwokotea kuni, nami nilikula kipande. Watoto walikula bila kuuliza ni nini. Walilamba vidole. Yule mdogo alilala palepale, mdomo umeng'aa kwa mafuta, na Hawo akamtazama kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi.

Harufu ndiyo iliyomsaliti. Upepo uligeuka, na mmoja wa wageni pale mkekani akasimama na kuziba pua. Dida alikuja mbio. Alipoona mifupa kwenye majani hata hakumtazama mkewe. Alimnyanyua mtoto aliyelala kwa mkono mmoja, akamwinamisha, akamtia kidole kooni. Kisha wa pili. Gumato alikimbia, naye akakamatwa. Walitapika wote watatu mbele ya wanaume wanne waliovaa kanzu za Idi. Mgeni mmoja alitema mate, akasema "Astaghfirullah." Hakuwa akimlenga Dida.

Nilimshika kaka yangu mkono. Alinisukuma nikaanguka. "Na wewe umekula! Mdomo wako unanuka! Kasome mbali na ng'ombe wangu!"

Mama alifika na mchi, akakipiga kile chungu mpaka kikawa vigae. Kisha akamwelekezea Hawo ule mchi. "Mikono hiyo! Usiguse ng'ombe tena katika boma hili. Usiguse kibuyu. Nitakama mimi."

Hawo aliwaosha watoto wake nyuso, mmoja mmoja. Ndipo akasema, "Walikuwa wameshiba, mama. Kwa muda mfupi walikuwa wameshiba."

Siku ya nne Ami Dhadho akafika. Sasa sikiliza jinsi ile nyama ilivyokuja. Dume lilikataa kuingia majini, basi wakalichinja ng'ambo siku ile ile ya Idi, na kwa siku tatu nyama ikakaa chini ya ngozi, katika mvua, ikingoja chombo. Chombo chenyewe kilikuwa mtumbwi wa Ngala, kaka yake Jumwa, mtu ambaye kazi yake usiku na mchana ni kuvua. Mapaja ya dume jeupe yalilala katika maji ya samaki, yamepakwa utelezi wa kambare. Nzi walikuja nayo wakiwa wamejaa. Yalikuwa na rangi ya kijani pembeni, na Dida alipoinua paja moja, funza walidondoka mguuni pake. Akawapangusa.

"Ami," nikasema, "nyama hii imelala na samaki."

Ami Dhadho ni mtu mrefu, mwenye ndevu zilizopakwa hina na fimbo asiyoiacha. Alinitazama kwa huruma. "Nyama imechinjwa kwa bismillahi, kijana."

"Na samaki hana haja hata ya kuchinjwa. Kitabu kimehalalisha mavuo ya bahari."

"Bahari," akasema akiinua kidole. "Tana ni bahari?"

Wageni walipiga makofi kwa kicheko. "Mwalimu amekwama!" mmoja akapiga kelele. "Mpeni mfupa atafune!"

Wakala. Walikula ile nyama iliyooza, wakivuta kwa meno, mafuta yakiwashuka mpaka kwenye viwiko. Walisifu utamu wake, wakacheua na kumshukuru Mungu. Fungu la Hawo na watoto lilitupwa kwenye jani la mti wa mkoma, mbali, kwa fimbo, ili mkono wa mtu usikaribie mikono yao. Usiku ule wageni wawili waliharisha mpaka asubuhi. Ami Dhadho alisema ni kwa sababu ya harufu ya samaki iliyobaki hewani.

Ningependa kusema maisha yalirudi kama kawaida. Yalirudi, na kawaida hiyo ndiyo iliyonichukiza kuliko siku ile yenyewe. Maji yalianza kupungua. Hawo alichota maji, alitwanga, alikata miti ya kuziba ua, alifagia samadi. Watu waliyanywa maji aliyochota. Walilala chini ya nyasi alizoezeka. Mikono ile ile ilikuwa safi kwa kila kazi ngumu, na najisi kwa ile moja iliyompa heshima. Jioni akipita karibu na zizi, wale ng'ombe watatu waligeuza vichwa, na yeye akatazama chini.

Mama alikama. Vidole vyake vimekakamaa kwa uzee. Ng'ombe walimjua kama mtu wa kupiga kelele, wakazuia maziwa, wakapiga teke. Siku ya kwanza alileta kibuyu kimoja badala ya vitatu. Siku ya tano alileta maziwa ya kulowesha midomo tu. Dida alikunywa chai nyeusi na kunung'unika, "Unaona? Samaki amewakausha ng'ombe."

"Umewakausha wewe," nikamjibu. "Mrudishe Hawo kazini."

"Afadhali nife na kiu."

Kisha, katika wiki ya pili, vibuyu vikajaa tena. Vitatu, kama zamani, na povu juu. Mama alivitoa zizini alfajiri akivipanga mbele ya wanaume, naye akasema kwa ufupi, "Wamenizoea." Ami Dhadho, ambaye alikuwa bado yuko kwetu akingoja njia ikauke, alipiga goti lake kwa furaha. Alisema mikono ya Qabale ni mikono ya enzi zile, na kwamba laana ya samaki imeondoka nyumbani. Niliona watoto wa Hawo wameanza kunawiri mashavu. Nilifikiri Jumwa anawaletea kitu kwa siri, nikafurahi, sikuuliza.

Jioni moja Ami Dhadho aliwaita wanaume, akamwita na Hawo. Hawo alisimama nje ya mkeka. Njia ilikuwa imekauka, mzee alitaka kuondoka, na hakutaka kuondoka jambo likining'inia.

"Binti wa Nanighi," akasema, "hatukuchukii. Kesho asubuhi, baada ya maziwa, utasimama hapa mbele ya watu. Utasema: nilikosea, niliwalisha watoto uchafu, sitarudia. Tutakufukiza kwa ubani, utarudi kukama. Ni maneno machache."

"Na nisiposema?"

"Utarudi kwa baba yako. Watoto watabaki. Watoto ni wa Dida."

Nilimtazama Dida. Alikuwa akichokoa meno kwa kijiti.

"Ami," Hawo akasema, "nikisema niliwalisha uchafu, wao wataniamini. Watajua kwamba walipokuwa na njaa mama yao aliwapa uchafu. Siwezi kusema hivyo."

"Basi funga mzigo."

Nilisema niliyoyasema. Nilitaja hadithi za Mtume, nikataja Waswahili wa Kipini wanaoswali safu ya mbele kuliko sisi na wanakula samaki kila siku, nikataja funza wa siku ya nne. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia wenzake. "Kijana anasoma vizuri," akasema. "Kwa bahati mbaya, ng'ombe hawajui kusoma." Wakacheka tena, wakainuka kwenda kuswali. Hawo alibaki amesimama peke yake. Mama yangu alimtazama kwa muda, akajifunga shuka na kuingia ndani.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya adhana, kwa sababu sikuwa nimelala vizuri. Nilipita nyuma ya zizi nikienda kutawadha. Nikasikia ile sauti isiyo na maneno. Nilichungulia kati ya miiba. Mama alikuwa amesimama, ameshika kamba ya ndama, na Hawo alikuwa amechuchumaa, paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, maziwa yakipiga ndani ya kibuyu.

Mama aliniona. "Mikono yangu haiwezi," akanong'ona kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na kosa. "Na yeye anapata cha watoto wake. Nenda zako." Ilikuwa siku ya tisa wakifanya hivyo. Siku tisa mama alikuwa amepokea sifa mkekani, na jana yake aliketi kimya huku mwanamke aliyemkamia akiambiwa afunge mzigo.

Kulipokucha wanaume waliketi. Mama alileta kibuyu cha kwanza. Ami Dhadho alikunywa nusu, akashusha pumzi. "Haya ndiyo maziwa," akasema. "Hayana harufu, hayana doa. Sasa mwiteni yule mwanamke aseme, au aondoke."

"Niko hapa, Ami," sauti ikatoka zizini. "Ngoja nimmalize huyu."

Kila siku Hawo alikuwa akitoka kabla ya mwanga. Siku hiyo hakutoka. Mlango wa zizi ulikuwa wazi, jua limeshapanda juu ya ua, na wote tulimwona vizuri, amemchuchumalia ng'ombe wa tatu, mikono yote miwili ikipanda na kushuka, povu likifurika mdomoni mwa kibuyu. Hakuharakisha. Dida alisimama, akaketi tena. Ami Dhadho alimgeukia mama, na mama akaitazama ardhi.

Mzee alichungulia ndani ya kibuyu alichoshika, muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kilichozama. Ndevu zake zilikuwa bado na maziwa. Kisha akakiinamisha, akanywa yote yaliyobaki mpaka tone la mwisho, akakinyoosha kile kibuyu kitupu kuelekea zizini kijazwe tena, bila kumtazama mtu.